Nikipandisha dungu hadi mita saba, nitawapata pongo?

"Shikamoo mtaalamu. Nalima ekari nne za mahindi, kunde na mihogo upande wa Makurunge, Bagamoyo. Nyumba iko mashariki ya shamba, na magharibi yote ni kichaka kinene kinachoteremka hadi bondeni. Pongo wananimaliza, mihogo imekwisha. Nimejenga dungu, lile jukwaa la kulindia shamba, la mita tatu karibu na nyumba, na nina bunduki ya marisawa aliyoniachia marehemu baba. Kila jioni napanda, nawasikia wakibweka kichakani, kisha kimya, hawatoki. Kwenye simu naona Wamarekani wanapiga kulungu wakiwa juu kabisa ya miti. Je, nikihamia kwenye mwembe, mita saba hivi, nitawapata? Au nikae usiku na tochi kubwa? Jirani yangu anasema mnyama hatazami juu, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo usivyoonekana."

Marahaba, ndugu yangu. Una hasara shambani, dungu halikupi kitu, na umeamua kwamba kasoro ni kimo chake. Sidhani. Hata ukipanda mita kumi, pongo hao watabweka na kurudi walikotoka, kwa kuwa hawakuoni, wanakunusa. Kuna pia mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu ambayo yamenitia wasiwasi kuliko pongo wenyewe: bunduki ya marehemu baba na tochi ya usiku. Nitayafikia.

Huo mbweko ndio ushahidi wangu. Pongo, mnyama wa jamii ya swala ambaye wengine mnamwita mbawala, hutembea peke yake au jike na mtoto wake. Hana kundi la kumlindia zamu, kwa hiyo pua na masikio yake ndiyo maisha yake. Akishtuka hutoa sauti kavu, ya mkato, unaweza kudhani ni mbwa mkubwa. Akibweka kabla wewe hujamwona, habari zako zimeshamfikia. Na mpangilio wa shamba lako unaeleza zimefikaje.

Pwani yetu, mchana upepo hutoka baharini kuingia bara. Ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na ile ya baharini hukimbilia kujaza nafasi. Sasa wewe umekaa mashariki, kichaka kiko magharibi. Tangu alasiri mpaka jua linapozama, jasho lako, sigara kama unavuta, na hilo shati lililofukizwa udi vinapelekwa moja kwa moja kichakani. Ungempigia pongo simu usingemfikia upesi hivyo.

Jua likishazama mambo hayawi bora, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Kuna kipindi baada ya adhana ya Magharibi ambapo upepo hufa kabisa, jani halitikisiki. Hapo hewa iliyo karibu na ardhi inapoa, inakuwa nzito, na inateremka taratibu kufuata mwinamo. Bonde lako liko wapi? Kichakani. Harufu yako nayo inateremka huko, polepole na kwa wingi, haipeperushwi ikapotea. Hii ndiyo sababu kimo hakikusaidii. Ukiwa juu, upepo ukivuma, harufu inaweza kupita juu ya mnyama aliye karibu sana nawe, lakini itashuka mbele zaidi, na kwako wewe mbele ndiko wanakotokea. Hewa ikitulia, itashuka tu.

Usiku wa manane hadi alfajiri upepo hugeuka. Nchi kavu imepoa kuliko bahari, kwa hiyo hewa hutoka bara kwenda baharini, ule umande ambao watu wa majahazi huutegemea kutoka bandarini. Kwa shamba la namna yako hapo ndipo hewa inakuwa upande wako: inatoka kichakani kuja kwako. Kwa hiyo pambazuko, mwanga wa kutosha ukishapatikana na kabla jua halijapanda, ni bora kwako kuliko jioni zote unazokaa. Lakini usiufanye kanuni. Kusi, ule upepo wa msimu utokao kusini mashariki, ikishika, miezi ya Juni na Julai, inaweza kuufunika umande usiuhisi kabisa. Chukua majivu makavu kidogo kwenye kitambaa, yatikise ukiwa juu ya dungu, uone yanaelekea wapi. Fanya hivyo saa ileile unayotaka kukaa, kwa sababu upepo wa saa nane mchana hautakwambia chochote kuhusu ule wa saa kumi na moja alfajiri.

Ukitaka kukaa jioni bado kuna njia, nayo ni kuhama pembe. Wakati wa Kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo wa bahari huvuma ukitokea kaskazini mashariki. Kaa pembe ya kusini magharibi ya shamba, ili harufu ipotelee nje ya pale wanapotokea. Wakati wa Kusi geuza, kaa pembe ya kaskazini magharibi. Upande wa kichaka ulio nyuma yako utakuwa umeupoteza, lakini upande wa mbele utakuwa salama. Ndiyo maana wazee wenye mashamba makubwa walikuwa na dungu zaidi ya moja.

Je, kimo hakina faida? Kinayo, ila ndogo kuliko unavyoiona kwenye simu. Faida ya kwanza ni macho. Chukua kichaka cha mita moja na nusu kilichoko mita 20 kutoka kwako. Macho yako yakiwa mita 5 juu ya ardhi, kichaka hicho kinakuficha zaidi ya mita 8 za ardhi iliyo nyuma yake. Ukipanda hadi macho yawe mita 9, bado kinakuficha mita 4. Pongo mzima anaenea humo na nafasi inabaki. Maana yake ni kwamba panga la kufyekea litakuonyesha zaidi kuliko ngazi. Ukanda uliofyekwa, upana wa mita 15 kati ya kichaka na mahindi, utakupa kile ambacho mita nne za kimo hazitakupa.

Wale Wamarekani wanapanda juu kwa sababu misitu yao mingi ina miti mirefu na chini pako wazi kiasi, mtu anaweza kuona kati ya mashina. Kichaka chetu cha pwani, chenye miiba na mitambaazi iliyofungamana, ukikitazama kutoka juu unaona paa la majani tu. Unaona kulungu anaanguka kwenye simu, huoni saa nyingi zilizokatwa, wala leseni iliyo mfukoni. Na katika majimbo mengi ya Marekani, kumpiga kulungu usiku kwa taa ni kosa huko vilevile.

Kuhusu jirani yako: maneno yake yana nusu ya ukweli. Kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe anawindwa zaidi na wanyama wanaotembea ardhini, na hata yeye, palipo na wawindaji wengi, hujifunza kuinua kichwa. Pongo wetu ameishi na chui anayelala juu ya tawi, na mtoto wake huchukuliwa na tai. Anatazama juu. Zaidi ya hapo ana walinzi wa bure: tumbili na nyani. Mara nyingi pongo hula chini ya miti wanamochezea nyani, akiokota majani na matunda wanayoangusha, na tumbili mmoja akikuona juu ya mwembe akapiga kelele, jioni yako imekwisha. Kinachoonekana zaidi ni mtu kuchezacheza, si mahali alipo. Weka ukuta wa makuti nyuma ya mgongo wako ili umbo lako lisikatane na anga, kisha tulia. Rangi haina uzito mkubwa. Macho ya wanyama wa jamii hiyo hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, ila buluu wanaiona sawasawa, kwa hiyo ile jinzi iache nyumbani.

Sasa mwembe wa mita saba, ambao mimi nisingekushauri kabisa. Mtu anayeanguka kutoka mita 3 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 7 ni zaidi ya kilomita 40 kwa saa, na nguvu ya kishindo ni zaidi ya mara mbili. Ya kwanza huvunja kifundo cha mguu au mkono. Ya pili huvunja uti wa mgongo. Na watu hawaanguki wakiwa wamekaa wanangoja. Huanguka wanapopanda, wanaposhuka gizani, na pale wanapovuka kutoka ngazini kwenda jukwaani, mkono mmoja ukiwa umeshika bunduki.

Mwembe nao una wenyewe. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaouma, watakuteremsha kabla pongo hajafika, na yule nyoka wa kijani kibichi mwenye sumu kali anapenda miembe na mikorosho ya pwani hii kuliko unavyopenda wewe. Mkorosho ndio usiuguse, matawi yake hukatika ghafla bila kulia. Dungu la nguzo nne lenye kimo cha mita mbili na nusu hadi tatu, kama lako, linatosha. Likague kabla ya kila msimu: chimba kidogo kwenye shina la kila nguzo uone kama mchwa wameingia, gonga misumari, badilisha kamba. Katani ya Tanga ni nzuri kwa kufungia, lakini mvua za masika zikishaipiga na jua likaikausha mara kadhaa, ndani inakuwa imeoza huku nje inang'aa. Usiitegemeze uzito wako.

Kama utakaa juu kwa muda mrefu, tafuta mkanda wa usalama wa mabegani na mapajani, wa aina wanayovaa mafundi wa nguzo za umeme, uufunge kwenye nguzo ukiwa bado chini na uusogeze unavyopanda. Kamba ya kiunoni peke yake ni hatari. Ukining'inia itakubana mbavu na kukunyima pumzi. Hata kwenye mkanda mzuri usining'inie kimya. Damu hujikusanya miguuni na mtu huzirai. Chezesha miguu, uwe na kitanzi cha kukanyagia, na uwe na mtu nyumbani anayejua uko dungu lipi na utashuka saa ngapi. Mtu akianguka na kulalamika mgongo au shingo, au miguu imekufa ganzi, msimwinue kwa makwapa. Mlazeni juu ya ubao au mlango, mwili wote usogezwe pamoja, mpelekeni hospitali hata kama baada ya nusu saa anasema amepona.

Faida ya pili ya dungu, na kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba risasi inaelekea chini na ardhi inaizuia. Kichaka kinene si ukuta. Nyuma yake kuna mama anayeokota kuni, mchoma mkaa, mtoto anayetafuta mbuzi. Ndiyo sababu hakuna kupiga kitu kilichotikisika, wala sauti, wala macho yanayong'aa. Na ile imani kwamba risasi nzito au marisawa "yanakata kichaka" ifute. Risasi yoyote ikigusa kijiti hupinda au hugeuka, huwezi kujua inakwenda wapi. Marisawa makubwa nayo, yakipita mita 30 hadi 40, yametawanyika na yamepoteza nguvu. Shamba la ekari nne lenye umbo la mraba lina upana wa karibu mita 127. Kwa hiyo kutoka hapo ulipo karibu na nyumba, hata pongo angetoka na kusimama ubavu, ungemjeruhi tu. Pongo dume mwenye jeraha huingia penye giza zaidi, hulala, na hukungoja. Pembe zake fupi zimeshawatoboa watu na mbwa wengi.

Kuhusu kupanda na silaha nitasema kwa ufupi. Silaha hupandishwa kwa kamba baada ya wewe kukaa, ikiwa tupu, mdomo ukitazama chini. Wenye magobole msipande nayo kabisa. Likishashindiliwa halitolewi baruti kirahisi, na fataki huchelewa au hulipuka lisipotakiwa.

Bado sijakuuliza swali nililopaswa kulitanguliza: una hakika ni pongo? Unasema mihogo imekwisha. Pongo hachimbi. Yeye hukata majani laini, kunde na machipukizi, kwa unadhifu, na huacha alama nyembamba ya kwato iliyochongoka mbele. Ukikuta udongo umefukuliwa kama umelimwa, mabua yamelazwa chini, magunzi yametafunwa, na nyayo za mviringo zenye vidoti viwili nyuma yake penye tope, hao ni nguruwe pori, tena kundi. Mhogo uliotafunwa shinani, na mwiba mmoja umeachwa, ni nungunungu. Mahindi yaliyomenywa, yakang'atwa mara moja na kutupwa mchana kweupe, ni nyani. Kwa maelezo yako nadhani kunde ndizo za pongo, na hasara kubwa, ile inayokukosesha usingizi, ni ya nguruwe. Unawasikia pongo kwa sababu ndio wanaobweka. Nguruwe huja baadaye, ukishalala.

Na hapo ndipo tochi inapoingia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka leseni kwa uwindaji, na inakataza kuwinda gizani, kutumia taa, sumu, mashimo na mitego ya nyaya. Kuwa shambani kwako hakukuondoi ndani ya sheria hiyo. Mnyamapori ni wa Serikali hata akiwa katikati ya mahindi yako, na nyama au ngozi utakayokutwa nayo bila kibali inaitwa nyara za Serikali. Watu wamefungwa miaka mingi kwa mguu mmoja wa swala. Usimsikilize anayesema nguruwe hana mwenyewe, wala usidhani dungu linaruhusiwa kuwindia kwa sababu babu zetu walikuwa nalo. Ukiomba kibali, litaje wazi na uulize kama unaruhusiwa kulitumia. Kisha uko Makurunge. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, haiko mbali nawe, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna leseni ya kuwinda ya aina yoyote. Ukimfuata mnyama aliyejeruhiwa akavuka mpaka, utakuwa umeuvuka wewe pia.

Bunduki nayo hairithiwi kama panga. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu aliyeandikwa, na baba yako ametangulia. Mpaka ofisi ya polisi ikumilikishe kwa jina lako, wewe unakaa na silaha isiyo na mmiliki, hata kama hujawahi kuifyatua. Hili usilisogeze mbele hata wiki moja.

Una njia gani basi? Kuwinda kwa leseni kunawezekana, lakini kuna gharama na masharti ya mnyama gani, wapi na lini. Nikiangalia ekari nne za mahindi, hesabu hainiingii akilini, labda kama unataka nyama kuliko mavuno. Njia ya pili ni kuomba wataalamu waje kudhibiti wanyama waharibifu. Ni ya halali na haikugharimu risasi, ila usitarajie waje kesho, na nguruwe waliofukuzwa leo hurudi wenzao.

Njia ninayoipenda mimi ni ya kizamani: dungu la kulinda, si la kuvizia. Hapo kila kitu kinageuka. Upepo unaokupeleka kichakani, ambao kwa mwindaji ni balaa, kwa mlinzi ni msaada. Unataka wakunuse. Unataka wasikie debe. Peleka dungu lako upande wa magharibi, liwe karibu na ukanda uliofyeka, na mlale kwa zamu na majirani tangu mahindi yanapoanza kutoa hariri hadi kuvuna, kwa sababu huo ndio muda wa hasara kubwa. Badilisha saa na sauti. Kelele ileile saa ileile huzoeleka ndani ya siku chache. Mihogo isogeze karibu na nyumba, ukingoni mwa kichaka panda ufuta au pilipili, na weka boma la miiba penye vichochoro wanavyopitia. Haitazuia wote, nakwambia ukweli, lakini itapunguza hasara bila mtu kuanguka wala kufungwa. Kama unafuga nguruwe au jirani anafuga, msilete mabaki ya nguruwe pori bandani, maana hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wenyewe kuugua, na banda zima linaweza kwisha.

Mengine hayamaliziki kwa maandishi. Mwite afisa kilimo wa kata aone shamba, na mfuate Afisa Wanyamapori wa Wilaya pale halmashauri, ukipitia ofisi ya kijiji ili barua iwe na muhuri. Nenda na picha za nyayo zilizopigwa pembeni ya kiberiti ili ukubwa uonekane, tarehe za kila uharibifu, na mchoro wa shamba wenye kichaka, nyumba, bonde na njia wanayopita watoto kwenda shule. Bunduki usiende nayo huko. Hiyo itolee taarifa polisi kwanza, uulize wanataka iletwe vipi na nani.